Chumba Chenye Kiyoyozi

Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya Aprili, dunia huadhimisha siku ya wasichana katika TEHAMA, na kesho yake magazeti yetu hutoa picha inayofanana na ya mwaka uliopita: wanafunzi wa sekondari katika sare zao, kompyuta mpakato mezani, mgeni rasmi amesimama nyuma yao. Chini ya picha huandikwa kwamba wanawake nao sasa wameanza kuingia kwenye teknolojia. Nawapenda wasichana hao na nawaombea. Lakini habari hiyo si ya kweli, na inaniuma kila ninapoisoma, kwa sababu nilikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika ofisi za Dar es Salaam nilizozifahamu, ukifungua mlango wa chumba cha kompyuta uliwakuta wanawake. Wanaume waliingia kuchukua karatasi zilizokwisha kuchapwa, wakashukuru, wakatoka.

Mimi nimelelewa na Chuo cha Uhazili Tabora. Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa treni ya Reli ya Kati nikitokea Kilosa, na sanduku la bati na barua ya kujiunga na chuo. Darasani tulikaa kwa mistari, kila mmoja na mashine yake ya chapa, mwalimu amefunika vibonye kwa kitambaa ili vidole vijue njia bila macho. Tulisoma hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, tukipandishwa kasi kidogo kidogo hadi maneno 100 kwa dakika. Tulijifunza kutunza majalada, kuandaa ajenda, kuandika kumbukumbu za vikao. Wavulana walikuwepo, wa kuhesabika. Nchi ilikuwa na dhiki baada ya vita vya Kagera. Karatasi zilitolewa kwa hesabu, na utepe wa mashine ukififia tuliugeuza upande wa pili ukaendelea na kazi.

Watu wengi hudhani kupiga chapa ni wepesi wa vidole tu. Hao hawajawahi kupiga chapa jedwali. Kabla hujagusa kibonye cha kwanza unahesabu herufi za neno lililo refu kuliko yote katika kila safu, unajumlisha na nafasi zitakazokaa kati ya safu, unatoa jumla hiyo kwenye upana wa karatasi, unagawa kwa mbili upate pambizo la kushoto, ndipo unaweka vituo vya mashine. Ukikosea hesabu utagundua ukiwa safu ya mwisho, na chini ya karatasi ya juu kuna nakala za kaboni zenye kosa hilohilo. Tuliyafanya hayo kwa bajeti, kwa orodha za mishahara, kwa taarifa za ghala, mwaka hadi mwaka. Nilipoanza kuandika programu nilikuta akili inayodaiwa ni ileile: kupanga yote kabla, kuona mwisho ukiwa bado mwanzoni, na kutoiamini kazi yako hadi umeihakiki. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hiyo ni hesabu. Tuliambiwa ni unadhifu.

Niliajiriwa na shirika moja la umma jijini Dar es Salaam. Mkuu wa chumba chetu cha wapiga chapa alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kisarawe, mwenye sauti ya chini na jicho lisilokosa kosa. Sisi tulimwita Mama, naye alituita wanangu. Kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta haikuwa mgeni nchini. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitoka kampuni ya Uingereza iliyoitwa ICT, na katika miaka iliyofuata zikaongezeka chache kwingineko. Mama wakati huo alichukuliwa na ofisi mojawapo kufundishwa kutoboa kadi.

Alitueleza kazi hiyo mara nyingi, hasa mchana ambapo faili zilikuwa zimepungua na jua la Dar linapiga dirishani. Kadi moja ilikuwa na safu 80. Kila tarakimu ilikuwa tundu mahali pake. Msichana wa kwanza alisoma hati ya mshahara na kutoboa. Msichana wa pili alichukua hati ileile na kadi zilezile, akaziandika upya kwenye mashine ya kuhakiki, na pale ambapo vidole vyao havikukubaliana mashine iligoma. Kadi ilirudi, ikatobolewa nyingine. Mishahara ya watu ambao hawakuwajua, na ambao nao hawakuwajua wao, ilipitia mikononi mwa wasichana wawili waliokaa wakipeana mgongo.

“Wanangu,” alikuwa akisema, “ile mashine ilikula tulichopika sisi. Tukipika kibichi, inatapika.”

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kuvurugika na fedha nyingi kupotea katika kuubadilisha. Watu wa historia huieleza hatua hiyo kwa hoja za fedha za kigeni na utegemezi, na wana haki. Mama aliieleza kwa namna nyingine. Ofisini kwao mashine ilibaki kuukuu, vipuri havikupatikana, wasichana wa kadi wakarudishwa mmoja mmoja kwenye mashine za chapa. Walichokijua hakikuandikwa popote. Hakuna cheti walichopewa, hakuna jalada lililosema kwamba fulani anaweza kuendesha mashine ya kuhakiki. Kazi ilipokufa, ujuzi ulikufa nayo katika karatasi, ukabaki vichwani mwao tu. Nililisikia hilo nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu na sikulitilia maanani. Nilidhani ni habari za zamani.

Katazo lile lililegea polepole, na mwaka 1988 zamu ikafika kwetu. Shirika lilipata mradi wa wafadhili, na ndani ya mradi zilikuwemo kompyuta mbili. Chumba cha stoo kilipakwa rangi, kikawekwa zulia, mapazia mazito na kiyoyozi, kabla hata ofisi ya Mkurugenzi Mkuu haijawekwa. Mlangoni palibandikwa karatasi niliyoipiga chapa mimi: VUA VIATU. Vumbi, tulielezwa, lingeua mashine. Kwa hiyo tuliingia kazini pekupeku, tumejifunga khanga mabegani kwa baridi ambayo watu wa Dar hatukuizoea.

Nani angefundishwa? Mtaalamu wa mradi, bwana mmoja kutoka Sweden, aliomba maofisa. Maofisa walikuja siku ya kwanza wakaitazama kibodi, wakatazamana. Ilikuwa mashine ya chapa yenye kioo. Ofisa wa wakati ule hakupiga chapa; aliandika rasimu kwa kalamu, akaituma kwa tarishi, ikamrudia imechapwa. Kuonekana na vidole vyake kwenye vibonye ilikuwa kujishusha cheo mbele ya watu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wakubwa wetu hawakutaka kuinama. Wakasema waleteni wahazili. Tukaenda wawili, mimi na mwenzangu mmoja aliyetoka Tabora mwaka mmoja baada yangu.

Nataka jambo hilo lieleweke vizuri, kwa sababu mengine yote yametokana nalo. Hatukuchaguliwa kwa kuwa tulionekana tuna akili ya mashine. Tulichaguliwa kwa kuwa kazi ilionekana ni ya chini. Thamani ya kazi ilipimwa kwa mikono iliyoigusa, na tangu siku ile nimeona kipimo hicho kikitumika mahali pengi, hospitalini, mashuleni, benki.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ya kazi yangu. Tulianza na WordStar, ambayo kila amri yake ilikuwa vibonye viwili au vitatu vya kukariri, tukahamia WordPerfect yenye kioo cha bluu na ule ukanda wa plastiki uliokaa juu ya kibodi kukumbusha kazi za vibonye. Mtu aliyezoea kurudia ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja hawezi kuieleza furaha ya kurudi nyuma, kufuta, na kuandika juu yake. Tukaingia Lotus 1-2-3, na hapo ndipo yale majedwali ya Tabora yalipofufuka: safu zilijipanga zenyewe, na ukibadili tarakimu moja juu, jumla ya chini inabadilika mbele ya macho yako. Mwenzangu alicheka kwa sauti mara ya kwanza alipoiona. Mimi nilinyamaza nikairudia tena na tena, nikibadili namba ile na kuirudisha.

Yule bwana wa Sweden aliondoka mradi ulipokwisha, akatuachia kitabu kinene cha dBase, cha Kiingereza. Tulikigawa kwa sura. Mmoja akisoma sura yake nyumbani, asubuhi alimsimulia mwenzake kwa Kiswahili, wamesimama mbele ya mashine. Ndivyo tulivyojifunza kumwambia kompyuta afungue faili, asimame kwenye mtumishi wa kwanza, aangalie sharti, afanye kazi, aende kwa anayefuata, arudie hadi faili liishe. Watoto wangu walizoea kuniona usiku, baada ya vyombo, nikiandika amri kwa penseli nyuma ya karatasi zilizotumika, kwa sababu mashine tuliipata saa za kazi tu na hatukutaka kuzipoteza kwa kufikiri.

Programu yetu ya kwanza ya maana ilikuwa rejista ya watumishi. Kabla yake, kujua nani anastaafu mwaka ujao kulihitaji ofisa utumishi kukaa masijala na kupitia jalada moja moja. Yalikuwepo yaliyopotea, yaliyounganishwa na ya mtu mwingine, yaliyoliwa na mchwa. Mtu alistaafu bila taarifa, mafao yakachelewa, akawa anakuja kukaa kwenye benchi la ukumbini akingoja jalada lake lionekane. Nilikuwa nikiwapita wazee hao kila asubuhi nikienda chumba chenye kiyoyozi. Nikamwambia mwenzangu, tuanze na hawa.

Tulihamisha taarifa zote, jina kwa jina. Wapo waliojua mwaka wa kuzaliwa lakini si mwezi wala siku. Ilibidi programu iwakubali na hao bila kuwasingizia tarehe. Wapo wenye majina matatu katika jalada na mawili katika orodha ya mishahara. Tulitumia desturi aliyotufundisha Mama ya kadi: mmoja anaandika, mwingine anaandika upya, kompyuta inalinganisha na kutoa orodha ya tofauti. Sijawahi kuona njia bora zaidi ya kusafisha taarifa, na mifumo mikubwa ya leo ingeokoka na aibu nyingi kama ingeitumia. Orodha ya kwanza ya wastaafu ilipotoka kwenye printa, ile ya sindano iliyolia hadi korido ya pili, Mama alikuja kuishika mwenyewe. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alitafuta jina lake, akaliona, akasoma tarehe, akasema ni sahihi.

Mgao wa umeme wa mwaka 1992, maji yalipopungua bwawa la Mtera, ulitufundisha kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache na kuweka nakala kwenye disketi tulizozifunga kwa raba na kuzitenganisha: nusu ofisini, nusu nyumbani kwangu kabatini. Umeme ukirudi jioni, tulibaki. Hakukuwa na posho ya kubaki. Tulikuwa wahazili, na mhazili anabaki hadi kazi iishe.

Mabadiliko yalikuja taratibu kiasi kwamba sikuyaona yakianza. Katikati ya miaka ya 1990 intaneti ilifika mjini. Magazeti yakaanza kuiita kompyuta ufunguo wa maendeleo. Semina zikaongezeka, na safari, na posho za semina na safari. Mkurugenzi akawekewa kompyuta ya kioo cha rangi mezani, na sasa kuwa nayo kulikuwa kupanda, si kushuka. Kisha waraka ukatoka: shirika lingekuwa na kitengo cha kompyuta chenye mkuu wake, bajeti yake na muundo wake wa utumishi. Nafasi zote zilitaka shahada.

Waliajiriwa vijana watatu kutoka chuo kikuu, wanaume wote. Niseme wazi kwamba walikuwa vijana wazuri. Waliniita mama, walinipisha kiti. Walijua nadharia ambazo mimi sikuzijua, na nilijifunza kwao. Lakini hawakuijua rejista, hawakujua kwa nini watumishi fulani hawana mwezi wa kuzaliwa, hawakujua ghala hufunga hesabu siku gani. Tuliwafundisha, mimi na mwenzangu, kwa miezi mingi. Walipokwisha kujua, ufunguo wa chumba ukahamishiwa kwao kwa barua rasmi, sisi tukarudishwa upande wa uhazili. Mshahara wa mgeni kati yao ulizidi wa kwangu tangu mwezi wa kwanza. Mmoja wao, Mungu ambariki, aliandika dokezo akaomba tuhamishiwe kitengoni kwake. Jibu lilikuja la mstari mmoja: kada yao ni uhazili.

Kikao cha kwanza cha kamati ya kompyuta kilijadili rejista ya watumishi, uwezo wake, kasoro zake na mustakabali wake. Mwenzangu aliitwa ndani ya kikao hicho. Aliitwa kuandika kumbukumbu. Alikaa pembeni ya meza akaandika kwa hatimkato mjadala mzima kuhusu kitu alichokiunda kwa mikono yake, na mahali pa kutaja waliohudhuria jina lake likakaa mwisho, chini ya neno “katibu”. Hakuulizwa swali hata moja. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akafungua duka la vifaa vya ofisi na kupiga chapa kazi za wanafunzi wa chuo. Shirika lilipoteza mtaalamu wake bora na halikujua kwamba limempoteza.

Kuna watakaosema: si mngekwenda chuo kikuu? Ili kusoma kompyuta chuo kikuu wakati wetu ulihitaji kidato cha sita cha hisabati na fizikia. Shule za wasichana zenye mchepuo huo zilikuwa chache mno, na msichana aliyefanya vizuri kidato cha nne alishukuru kupata ualimu, uuguzi au uhazili akaanze kuwasomesha wadogo zake. Nilikuwa mtoto wa tatu kati ya wanane. Hata hivyo nilikwenda. Nilijiandikisha masomo ya jioni katika kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikawa natoka kazini, napanda daladala hadi Mlimani, narudi usiku watoto wamelala kwa shangazi yao. Nilipata cheti, kisha stashahada. Mwajiri alichukua miaka kunibadilishia kada, na aliponibadilishia aliniweka ngazi ya mwanzo kabisa, kama mtu aliyeingia kazini juzi.

Mwaka 1999 kila ofisi ilikuwa na hofu ya kompyuta kushindwa kusoma mwaka 2000, na fedha nyingi zilitumika kukagua mifumo. Rejista yetu ilikaguliwa ikakutwa haina tatizo. Tangu mwanzo tuliandika mwaka kwa tarakimu nne. Isingewezekana vingine: kwa kanuni zetu za wakati ule mtu alistaafu akiwa na miaka 55, na aliyezaliwa 1945 alihitaji tarehe ya mwaka 2000 tangu siku ya kwanza tulipomwandika. Taarifa ya ukaguzi ilisifu mfumo. Haikutaja nani aliuandika, kwa kuwa hapakuwa na karatasi iliyosema hivyo.

Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba habari yetu ina ndugu zake. Nilikuwa nimekwisha kustaafu mpwa wangu aliponiletea kitabu cha mwanahistoria Mar Hicks, kilichotoka mwaka 2017, kuhusu namna Uingereza ilivyowapoteza wanawake wake wa kompyuta. Humo yumo mwanamke wa mwaka 1959, mtaalamu katika kituo kikuu cha kompyuta cha serikali ya Uingereza, aliyepewa waajiriwa wapya wawili wasiojua kitu awafundishe. Alipomaliza kuwafundisha, wao wakapandishwa juu yake, yeye akashushwa kuwa msaidizi. Nilisoma ukurasa huo nikasimama, nikatembea uani, nikarudi nikausoma tena. Serikali ileile iliona kazi ya mashine ni ya wasichana ilipokuwa haina heshima, ikaiona ni ya wanaume wa kupanda vyeo ilipoanza kuwa na nguvu. Wanawake waliokuwa wakiijua waliachwa, na nchi ikakosa wataalamu ilipowahitaji sana.

Uingereza hiyo ndiko zilikotoka mashine alizozitumikia Mama wa Kisarawe. Zilikuja na vitabu vyake na wakufunzi wake, na naamini zilikuja pia na mpangilio wake: wasichana hapa, wanaume pale. Hatukuubuni wenyewe, ingawa tuliukuta unafaa sana mazoea yetu. Uingereza hiyohiyo ilimtoa Stephanie Shirley, aliyeanzisha kampuni ya programu mwaka 1962 akiajiri wanawake waliofanya kazi wakiwa nyumbani na watoto. Barua zake hazikujibiwa hadi alipoanza kutia saini kwa jina la Steve. Aliandika maneno yaleyale, ila wasomaji wakadhani wanamsoma mwanaume.

Miaka ya karibuni nitaipita haraka, kwa sababu wenyewe wapo na wanaweza kuisimulia. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam na Mombasa, na mambo yakaenda mbio. Nairobi ilikwisha kuonyesha njia: Ushahidi, ile ramani ya taarifa za ghasia za uchaguzi, ilizaliwa Januari 2008, na miongoni mwa waasisi wake walikuwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich. Mwaka 2010 wasichana wa jiji hilo waliokuwa wakikutana wachache wachache katika vikao vya wanaprogramu waliunda AkiraChix, wakaanza kuwafundisha wenzao kutoka familia zisizo na uwezo. Kwetu, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, akapeleka vilabu vya kuandika programu mashuleni. Nimewaona wasichana wa vilabu vya namna hiyo wakieleza kazi zao mbele ya watu, kwa Kiswahili safi, bila kuinamisha macho, na sikuweza kuzuia machozi.

Ila nikiwatazama ninajua jambo ambalo kilabu hakiwezi kuwapa. Kujua tulijua. Hatukukosa ujuzi, tulikosa muundo unaoutambua. Wasichana hawa wakifika kazini watakutana na waraka wa ajira, na ngazi ya mshahara, na jina linaloandikwa au lisiloandikwa kwenye taarifa ya mradi. Ningependa fedha zinazotafutwa kila Aprili, walau sehemu yake, ziende kukagua hayo: katika kila kitengo cha TEHAMA, nani yuko dawati la kupokea malalamiko ya watumiaji na nani yuko kwenye seva, nani amepanda daraja na baada ya muda gani, nani aliandika mfumo na nani alisafiri kwenda kuueleza. Hizo ni taarifa zilizomo kwenye majalada tayari. Zinataka mtu wa kuzipanga katika jedwali tu.

Mpwa wangu, yule wa kitabu, ni mhandisi wa mifumo katika taasisi moja ya fedha mjini. Alikaa miaka kadhaa dawati la watumiaji, akibadilisha nywila zilizosahauliwa, wakati wenzake wa kiume aliomaliza nao chuo wakipelekwa kwenye seva. Alipouliza, aliambiwa kwa upole kwamba kazi ya seva ina zamu za usiku, na wao hawataki kumtaabisha dada yao.

“Shangazi,” aliniambia akiwa amekaa jikoni kwangu, “wanasema wananionea huruma.”

Nilimuuliza zamu ya usiku ina ugumu gani hasa. Akanieleza: simu inalia saa nane, mfumo umesimama, unatakiwa ufike ofisini, na saa hizo hakuna usafiri wa kuaminika. Wavulana wanaita bodaboda, wanaondoka. Nikamwambia, basi tatizo ni gari. Achana na huruma yao, andika kuhusu gari. Aliandika dokezo la ukurasa mmoja, akaambatisha ratiba ya zamu za mwaka mzima na mara ambazo mtu aliitwa usiku, akaonyesha gharama ya kukodi teksi kwa kila mojawapo ya safari hizo ikilinganishwa na hasara ya mfumo kusimama saa moja. Dokezo lilizunguka kwa miezi. Lilirudishwa mara moja kwa sababu lilikuwa halina namba ya jalada. Mwishowe likapitishwa, tena kwa zamu zote, na wavulana nao wakaacha kupanda bodaboda usiku wa manane.

Sasa yuko kwenye seva, na mwenzake mmoja wa kike amemfuata. Zamu yake ni wiki moja kila mwezi. Nyaraka za mfumo anazoziandika huziwekea jina lake na tarehe katika kila ukurasa, chini, upande wa kulia, na amewazoesha wenzake wote kufanya hivyo.